Kikorea Mbele ya Bakuli la Mama Mkwe

Kikorea nilijifunza kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi huku nachambua mchele. Shoga yangu anayepika kwenye nyumba ya wageni huko Mikumi alinidanganya kwamba Wakorea wanamiminika kutazama tembo, na kwamba anayejua lugha yao hakosi kazi. Mpaka leo sijamwona Mkorea hata mmoja.

Somo nililolishika ni moja tu. Ukitaka kumtia mtu moyo ajaribu kitu, unataja kitendo, unakibandika “bwa” mwishoni. He bwa, hebu fanya uone. Mogo bwa, hebu onja. Mwalimu wa kwenye video alionya kwamba hayo ni ya rika lako na wadogo zako. Kumwambia mkubwa ni utovu wa adabu. Nikacheka. Kumbe nao wana shikamoo yao.

Kisha mama mkwe akarudi nyumbani kwetu Zombo kutoka hospitali, hataki kula. Daktari alimwambia mume wangu waziwazi: asipokula, hafiki mbali. Mume wangu alishinda Kimamba kwenye bodaboda, nikabaki mimi na uji. Na kwetu mkwe habembelezwi. Unapiga goti.

“Shikamoo mama. Karibu uji.”

“Marahaba. Nimeshiba.”

Basi, unaondoa bakuli. Ukirudia, umemfanya mtoto. Niliichukia adabu hiyo kwa moyo wote, na kila siku niliifuata.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikapiga goti vilevile, macho chini, nikasema, “Mogo bwa.”

“Ndiyo nini?”

“Kikorea, mama. Nakukaribisha tu.”

Uongo mtupu. Nilikuwa nimemwamrisha kama mdogo wangu. Akanywa vijiko viwili. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Kesho yake alikunywa kimoja. Keshokutwa akafunga mdomo, nami nikaendelea kama kasuku, mogo bwa, mogo bwa. Mwishowe akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, na hao Wakorea, mtu akiwa hataki, anasemaje?”

Ningeweza kumdanganya tena. Nilichoka.

“Shiro,” nikamwambia.

Akalirudia taratibu mpaka likamkaa sawa mdomoni. Asubuhi iliyofuata, nilipopiga goti, hakusema ameshiba. Alinishika mkono, akasema, “Shiro.” Nikaondoa bakuli, na sikulirudisha tena.