Nilivyokwenda Kunyamaza Khawaneej

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyeanza. Ni mwanamke kama mimi, mtu wa Sri Lanka, anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na tumeishi pamoja Al Qusais, hapa Dubai, muda wa kutosha kwa kila mmoja kujua mwenzake analalaje. Asubuhi moja tukinywa chai aliniambia, kwa upole wake wa siku zote, kwamba mimi huzungumza usingizini.

"Nasema nini?"

"Unasema mzigo wako umeshatoka forodhani. Halafu inshallah. Halafu mzigo wako umeshatoka forodhani. Halafu unaomba radhi."

Sikushangaa, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Niko kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo Deira, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, wateja wote wa Kiswahili wanaangukia kwenye simu yangu: wa Mombasa, wa Dar, wa Unguja, mara mojamoja wa Kampala. Meli ikichelewa ni mimi, boksi likilowa ni mimi, mashine ya kufulia ikifika bila mlango ni mimi. Natoka kazini sikio likiwa moto kama pasi, naingia metro, nikifika nyumbani nampigia mama yangu nizungumze naye.

Huyu mwenzangu ni Mbudha. Kila baada ya miezi kadhaa yeye na wenzake hukodi villa huko Khawaneej, pembeni mwa jiji, wakamwalika mtawa wa kwao, wakakaa kimya tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Hawazungumzi, hawasomi, simu wanazikabidhi, hata machoni hawatazamani. Wanafuata pumzi zao tu. Akaniambia niende naye, itanifaa. Nilipoyatazama yale macho yake mekundu ya kukosa usingizi, nilielewa itamfaa nani.

Nilimpigia mama kumuaga.

"Mafungo?" akasema. "Ramadhani si imekwisha?"

"Si ya kufunga kula, mama. Ni ya kufunga mdomo."

"Huko hakuna masanamu?"

"Liko moja, juu ya meza. Wamesema mimi silazimiki nalo. Naenda kunyamaza tu."

"Kunyamaza wewe?" Kisha nikamsikia anamwita mama mdogo aje asikie. Walicheka mpaka simu ikakatika.

Villa yenyewe ilikuwa na ukumbi mpana ulioondolewa viti, mito ya kukalia imepangwa sakafuni, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Kwa hilo nilijiona niko kwetu. Mtawa alikuwa mzee mwembamba, kichwa kimenyolewa, shuka la rangi ya machungwa, na mwepesi wa kucheka. Kabla ya kengele ya kuanza nilimwendea nikamwuliza kama maneno ya swala yanavunja ukimya.

Akafikiri. "Unaswali kwa sauti ya namna gani?"

Nikamnong'onezea kumwonyesha.

"Hiyo mimi siisikii," akasema. "Masikio yangu mabovu kidogo, alhamdulillahi."

Alikuwa ameshafika Dubai mara nyingi. Akaagiza nipewe chumba cha kufulia nguo, kilichokuwa na mashine mbili na nafasi ya kutandika miswala miwili. Miswala miwili, kwa sababu kumbe alikuwepo Mwislamu mwingine, na ndiye aliyekuwa amekaa kwenye mto wa pili, kando ya wangu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, rika la mama yangu, amevaa abaya nzuri na miwani ya mnyororo. Kwa sura nilimdhania Muomani. Baadaye aliniambia naye alinidhania Mhabeshi. Kengele ilikuwa imeshagongwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Mtawa alitufundisha kufumba macho na kuitazama pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikienda mbali, alisema, tuirudishe bila kuigombeza. Yangu haikwenda mbali. Ilikwenda Deira tu, ikakaa mezani kwangu, ikapokea simu. Nikairudisha. Ikaenda tena kumwambia mtu wa Kampala kwamba friji zake zimefika bandari ya Hamriya. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikawa nafikiria mguu na friji kwa pamoja. Nilipofumbua jicho moja nikaona wenzangu wote wametulia kama vyungu dukani, nikaona aibu, nikalifumba.

Kesho yake mchana tulikula wali, dengu na mboga, kimya, kila mtu akitafuna kama anayesikiliza. Nilikula kidogo kwa heshima. Kisha nikasoma karatasi iliyobandikwa karibu na sinki: baada ya chakula cha mchana hakuna kula tena mpaka asubuhi. Mimi nimefunga tangu utotoni na sijawahi kulalamika, lakini mfungo niliouzoea mimi una futari.

Alasiri tulitolewa nje kufanya taamuli ya kutembea. Unanyanyua mguu taratibu, unaupeleka, unauweka, huku ukijua kwamba unauweka. Tulikuwa watu wengi kidogo tukitembea hivyo uani, vichwa chini, geti likiwa wazi, mara akatokea mleta vifurushi na boksi mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina. Akasalimu. Hakuna aliyejibu. Akasema, "Delivery." Hakuna aliyejibu. Akamwendea mwanamume mmoja mrefu, yule mwanamume akampita kama anayepita nguzo, mguu mmoja baada ya mwingine.

"Sister," akaniambia mimi, sasa kwa sauti ya wasiwasi, "hapa mnaumwa?"

Sijui kama naweza kueleza nilivyoteseka. Mzigo umesimama mbele yangu, haujui uende wapi, nami natakiwa nijue kwamba ninauweka mguu. Nikachungulia boksi. Namba haikuwa ya villa yetu. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa jirani, yeye akaelekeza kidole juu mbinguni kuniuliza kama ndiko ninakosema. Hapo yule mwanamke wa mto wa pili akaacha kutembea. Alimpokonya yule bwana boksi, akasoma karatasi kupitia miwani yake, akamshika kiwiko, akampeleka mpaka getini kwa jirani, akamgongea kengele, akarudi. Alipofika kwangu akaanza tena kunyanyua mguu taratibu, uso mkavu. Nilimpenda kuanzia hapo.

Magharibi tulikutana chumba cha kufulia. Tumbo langu liliunguruma nikiwa nimesujudu, na ule haukuwa ungurumo wa kunong'ona. Tulipotoa salamu nikamwona anavuta mkoba wake, anatoa kibakuli cha plastiki chenye kifuniko. Ndani kulikuwa na halua. Nyeusi, yenye kung'aa, na harufu ya iliki ikajaa chumba kizima. Akakata kipande kwa kijiko akanipa, akakata cha kwake. Tulikula tumeegemea mashine ya kufulia, hatutazamani machoni, kwa sababu kanuni ni kanuni. Halua ina uzuri huo, hailii mdomoni.

Tuliporudi ukumbini, mtawa alizungumzia njaa. Alisema njaa ikija usiikimbie wala usiifukuze, itazame tu. Kisha akanyamaza, akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena. Akatabasamu akaendelea. Mwenzangu wa chumba, aliyekuwa mgonga kengele, alinitazama kwa macho ya mtu aliyedhamini mgeni asiyefaa.

Wala sisemi kwamba yote yalikuwa mchezo. Ubaridi wa AC ulikuwa unanipiga miguuni, na jirani yangu, bila kufumbua macho vizuri, alivua mtandio wake wa juu akanifunika nao. Nikatulia. Na katika kutulia, sijui kwa muda gani, simu zile za kichwani zikaacha kulia. Nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye bomba la AC nje ya dirisha, tone, kisha tone. Hakuna aliyekuwa ananidai jibu. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke, maana kujifuta ni kujitikisa.

Jumapili kabla ya adhuhuri ukimya ulifunguliwa. Watu walianza kuzungumza polepole, kama wanaojaribu viatu vipya. Tukarudishiwa simu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimeiwasha yangu hata sijaipa nafasi, ikaanza kulia. Jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa: Mazulia, Usipokee Ukiwa na Njaa.

Sina budi nieleze habari za mteja huyo. Ni bibi wa Unguja mwenye makazi hapa Dubai, ananunua mazulia na mapazia Deira kwa ajili ya duka lao la nyumbani. Hatukuwahi kuonana, mizigo yake huletwa na gari la duka, na yeye huja kwa simu tu. Ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara kuu. Amewahi kunipigia kuniuliza kwa nini bahari imechafuka. Kwa ajili yake niliwahi kuomba nihamishiwe wateja wa Kihindi, nami Kihindi sikijui.

Nikapokea, kwa mazoea.

"We mtoto," ikasema sauti, "simu unazima kwa nini?"

Niliisikia kwa sikio la kulia, kwenye simu. Nikaisikia pia kwa sikio la kushoto, kutoka kwenye rafu ya viatu.

"Mazulia yangu yako wapi? Na mie ni mgonjwa, ujue. Nimelazwa hospitali tangu Ijumaa. Niko kitandani hapa, hata kusema nasema kwa tabu."

Nikageuka. Jirani yangu wa mto wa pili alikuwa amenipa mgongo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na tabu yoyote ya kusema sikuiona.

"Pole sana, mama," nikasema. "Umelazwa hospitali gani?"

"Hospitali kubwa. Huijui."

"Na daktari anasemaje?"

"Kasema nisiudhiwe."

"Mama, nakuomba ugeuke nyuma."

Aligeuka taratibu, kama tulivyofundishwa kutembea. Tukatazamana, simu zikiwa bado masikioni.

"Ndiwe wewe?" akaniuliza kupitia simu.

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akashusha simu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akasema, "Na halua yangu umekula."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Najua ilibidi tukae chini pale kwenye viatu, na mtawa akaja kututazama, akauliza kama tunajuana. Bibi akamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye presha yake. Mtawa akasema vizuri, basi amekuja na ugonjwa na dawa kwa safari moja, nasi hatukujua nani katika sisi wawili ni nini.

Alinieleza baadaye. Presha ilikuwa imempanda, binti yake akamwandikisha kwenye mafungo hayo na kumleta kama mtoto anayepelekwa madrasa. Aliona haya kuwaambia watu kwamba amekwenda kukaa chini na Wabudha, ndiyo maana ukoo mzima, Dubai na Unguja, waliambiwa hospitali. Alituchukua kwa gari lake mpaka Al Qusais, akiendesha mwenyewe, na akazungumza njia nzima kufidia alichokuwa amekiweka akiba. Mwenzangu wa chumba alikaa kiti cha nyuma, macho kayafumba. Nadhani alikuwa anafuata pumzi.

Jumatatu ofisini nililifikiria jambo hilo kwa uzito. Lau ningemsikia sauti yake ile Ijumaa jioni, ningebeba mto wangu nikauhamishia pembe ya mbali kabisa ya ukumbi. Nisingeujua mtandio wake. Naye, alipoulizwa na binti yake kuhusu mimi, alisema angejua ni nani angeifunga ile halua kwa kufuli.

Wiki ile ile alinipigia. Mazulia yalikuwa bado Hamriya, meli haijaondoka. Akaanza, "We mtoto, n'shakwambia mara ngapi," kisha akakatika. Nikadhani mtandao.

"Hallo, mama?"

"Ngoja, navuta pumzi."

Nikangoja. Nikaisikia inaingia, nikaisikia inatoka.

"Haya," akasema. "N'shakwambia mara ngapi?" Akaendelea pale pale alipoachia, kwa sauti ile ile.

Mafungo yaliyofuata tulikwenda wote wawili. Mwenzangu wa chumba, kwa niaba ya kamati, alituweka kila mmoja pembe yake ya upande wa wanawake, na mkoba wa bibi ukachunguliwa mlangoni kwa heshima zote. Jumamosi baada ya chakula, katika kikao kirefu kuliko vyote, nikasikia mlio. Mwanzo ulikuwa mdogo, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha jirani. Ukakua. Bibi alikuwa amelala amekaa wima, mikono magotini, miwani kifuani, anakoroma. Watu hawakujua wafanye nini. Wengine walikuwa wanabana midomo, bwana mmoja mabega yanamtikisika. Mwenzangu wa chumba akanyanyuka kwenda kumwamsha. Mtawa akamwashiria kwa mkono akae.

Kwa hiyo tulikaa, sote, tukafuata pumzi ya yule bibi badala ya zetu. Ilikuwa rahisi zaidi kuifuata.

Kengele ilipogongwa alifumbua macho, akauweka sawa mtandio wake, akatutazama kwa utulivu mkubwa. Na siku ya mwisho, kila mtu alipotakiwa aseme alichokipata, yeye alisema kwamba safari hii ameona tofauti, kwamba Jumamosi baada ya chakula alifika mahali ambapo hakusikia kitu chochote kabisa. Mtawa alimwinamishia kichwa. Mimi nilitazama sakafu, kama tulivyofundishwa.