Upanga wa Hutuba Niliouita Mchezo

Nyinyi wajukuu zangu, na wenzenu mnaokuja kujilaza na simu zenu ukumbini kwangu, jana niliwasikia. Mlikuwa mnabishana kama shujaa wa dini katika mchezo wenu ni lazima ashike silaha ya mungu wake, au anaweza kushika yoyote ile mradi inaua haraka. Mmoja wenu akasema, "Mwacheni koko, mambo haya hayajui." Koko ndiye mimi, bibi yenu. Ninayajua. Niliyasikia nyumba hii hii, hapa Mutsamudu, kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na aibu yake sijaimaliza mpaka leo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika Unguja, madarasa matatu tu, kabla wazazi hawajaturudisha Komoro. Mkikuta herufi imekosewa, ipiteni.

Mamluki wa kizungu walitua mwaka wa sabini na nane. Ninayoyaeleza yalitokea baadaye, walipokuwa wamekwisha kuizoea nchi. Walinzi wa rais walikuwa vijana wetu wenyewe, wamevikwa nguo nyeusi, na amri wanapewa na wale wazungu. Mtu akiziona nguo nyeusi njiani, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine.

Babu yenu alikuwa khatibu. Kila Ijumaa alipanda mimbari akiwa ameshika upanga wa mbao, mpini wake umezungushiwa shaba. Haukuwa na makali, hata muhogo usingekata. Ulikuwa wa kuegemea wakati wa hutuba, kama walivyouegemea makhatibu waliomtangulia. Paa la msikiti lilikuwa linavuja, kwa hiyo upanga ulikaa kwetu, umetundikwa juu ya mlango wa chumba changu. Mimi ndiye niliyeufuta vumbi kila Alhamisi, na nilijiona mtu kwa kazi hiyo.

Tulikuwa na mjukuu mmoja tuliyemlea wenyewe, msichana wa miaka kumi na mitatu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa mbele ya babu yake akamsomea Kurani. Alikuwa amebakiza juzuu tano. Macho ya babu yalikuwa yanaingia ukungu, na kitu alichokitaka duniani, alikisema mara nyingi, ni kuuona kwa macho yake mwenyewe mkono wa mtoto huyu ukifunga ukurasa wa mwisho. Mtoto naye alikijua. Alisoma kama mtu anayekimbizana na mvua.

Likizo ile alikuja binamu yake kutoka Marseille. Wanaotoka Ufaransa kuja kutembea tunawaita jevien. Jevien wetu alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, suruali yenye mifuko kila mahali, na kwenye sanduku ana kitabu chenye picha za mazimwi na dadu zenye pembe nyingi. Nilipoziona dadu nilisimama mlangoni.

"Kamari? Nyumbani kwa khatibu?"

"Si kamari, koko. Hakuna anayeshinda kitu."

"Basi mnacheza kwa ajili gani?"

Alicheka mpaka akashika tumbo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hadithi. Kila mmoja anajifanya mtu fulani, anasema atatenda nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Mjukuu wetu alikuwa shujaa wa dini. Mungu wake alikuwa wa milimani, wa karatasi, astaghfirullah, na silaha ya mungu huyo ilikuwa rungu. Mtoto alitaka upinde. Jevien, ambaye ndiye aliyeuongoza mchezo, alikataa: shujaa wa dini anachukua silaha ya mungu wake. Walibishana siku mbili, na siku ya pili wakauleta ubishi kwenye chakula cha mchana.

"Bakoko," mtoto akamwambia babu yake, "wewe ungeweza kushika kitu kingine badala ya upanga?"

"Ningeweza. Wako makhatibu wanaoshika fimbo."

"Na ukipigana?"

"Nipigane na nani, mimi? Na mbu?"

"Basi shujaa wangu atashika rungu akihutubia, na upinde akipigana."

Babu yenu alicheka, wali ukampalia. "Huyu," akasema huku anakohoa, "tumpeleke akawe kadhi." Mimi nilisema wali unapoa. Ndiyo niliyokuwa nayo siku zote, wali unapoa.

Siku chache baadaye nguo nyeusi zilipita mtaa wetu wa Hombo zikipekua nyumba. Walisema kuna bunduki zimepotea. Ilikuwa kabla ya alasiri, babu yenu ametoka, wasichana wako kwenye mkeka ukumbini na makaratasi yao, wamechora ngome yenye milango. Waliingia watatu, vijana wawili na mzungu mmoja. Walifungua makabati, wakageuza magodoro. Kisha mzungu akainua macho juu ya mlango wa chumba changu, akauliza kwa Kifaransa. Mmoja wa wale vijana, ambaye mama yake namfahamu, akanigeukia.

"Mama, anauliza kile ni nini."

Yeye alijua ni nini. Kila Ijumaa alikuwa anakiona. Alitazama chini akaningoja. Maneno mawili yangetosha, "cha msikiti". Mdomo wangu ukasema, "Mchezo wa watoto."

Mzungu akatazama dadu na ngome ya karatasi, akacheka. Si kicheko kibaya, ndicho kinachoniumiza. Aliutungua upanga, akaurusharusha hewani mbele ya wasichana kama mtu anayetaka kuwafurahisha, akaupiga kwenye mwimo wa mlango. Ukakatika chini ya mpini. Aliviweka vipande vyote viwili kwenye mkeka, katikati ya dadu, akawaomba radhi watoto. Kwake wao ndio wenye upanga, si mimi niliyesema ni mchezo wao? Wakatoka, wakaenda nyumba ya pili.

Babu yenu alirudi, akavikuta vipande.

"Nani?"

"Watoto. Walikuwa wanacheza."

"Mtoto gani?"

Nilinyoosha kidole. Sikumwonyesha jevien, ambaye angerudi kwao na kusahau. Nilimwonyesha mjukuu wetu, kwa sababu ndiye aliyeuliza habari za upanga kwenye chakula, na uongo ungeaminika.

"Koko, lakini..." jevien akaanza.

"Nyamaza wewe! Huko kwenu mnawajibu wakubwa, hapa hapana."

Mtoto alinitazama. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba kusema kweli ni kumwita koko wake mwongo mbele ya mumewe. Akamgeukia babu yake. "Nisamehe, bakoko."

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilimkinga mume wangu. Angejua ni mzungu, angefika kambini siku ile ile kudai haki ya msikiti, na wangempiga. Ni kweli, angekwenda. Lakini ningeweza kusema umeniponyoka nikiufuta vumbi. Sikusema hivyo. Sikutaka kosa liwe kichwani kwangu, hata lile dogo, na zaidi ya yote sikutaka alijue neno nililolitamka. Nikamtwika mtoto.

Babu yenu hakumpiga mtoto. Alisema tu kwamba msahafu haufunguliwi na mtu asiyejua kuheshimu kitu, na masomo yakasimama. Wiki ile ile mtoto akapelekwa Moroni, kisiwa kingine, kwa dada yangu aliyeolewa huko mtaa wa Magoudjou. Ijumaa babu yenu alipanda mimbari na bakora yake ya kutembelea. Watu walipouliza, nilitoa ile habari niliyoitunga, na binti zangu wakaipeleka nyumba kwa nyumba. Mutsamudu ni mji wa vichochoro, habari haihitaji miguu. Mtoto akapata jina: mvunja upanga.

Miezi miwili ikapita. Dada yangu akaniletea salamu kwa mtu: njoo umtazame mjukuu wako. Kila alasiri anatawadha, anakaa na msahafu umefungwa magotini, ukimwambia asome anasema hana ruhusa.

Nikaenda. Nilimkuta kibarazani, watoto wa jirani wanamwigiza Kishindzuani chake, lugha ya kisiwa chetu, na yeye anawaacha.

"Kwezi, koko," akaniamkia.

"Mbona," nikaitikia, kama tunavyoitikia.

Niliketi karibu naye. Sikujua pa kuanzia, nikauliza habari za jevien. Akasema amemwandikia barua kutoka Marseille, mchezo unaendelea kwa barua, na anataka jibu la mwisho kuhusu silaha.

"Ukamjibu nini?"

"Rungu."

"Si ulitaka upinde? Wa kupigania?"

"Sitaki tena. Ukiulizwa upinde ni wa nini, unaweza kusema ni wa kuwindia ndege. Rungu la mungu wake watu wote wanalijua. Akishikwa nalo hawezi kusema silo."

Nilimtazama nione kama ananisuta. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anajibu swali, vile vile alivyomjibu babu yake kwenye chakula. Uso wangu uliwaka, nikashindwa kuinua macho, mimi ambaye hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kunifanya niyainamishe.

"Funga nguo zako," nikamwambia. "Tunarudi."

"Bakoko ameniruhusu?"

"Hajui bado. Atajua."

Tulipofika Mutsamudu niliwaita binti zangu wote wakakaa, kwa sababu niliona nikisema kwa mume wangu peke yake nitapunguza. Nikasimama mbele yake, nikasema yote: nguo nyeusi, mzungu, kidole changu.

Aliniuliza jambo moja tu. "Uliuitaje?"

"Mchezo wa watoto."

Alitaka nirudie, nikarudia. Kisha akaugeuza uso kule alikodhani mtoto amekaa, akakosea, akauelekeza kwenye ukuta. Hapo ndipo nilipoona kwamba katika miezi ile miwili macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka.

"Mjukuu wangu, nimekuonea," akauambia ukuta. "Tulifika wapi?"

"Sura ya Ahqaf, bakoko."

"Njoo."

Zile juzuu tano zilimalizwa. Alizisikia zote. Ule mkono ukifunga ukurasa hakuuona, na hilo hakuna anayeweza kulirudisha. Seremala alichonga upanga mwingine, na babu yenu akamwomba mtoto ndiye aufute vumbi. Mimi hakuniambia neno baya hata moja mpaka alipokufa. Upanga pia hakunipa tena kuushika, na sikuuomba.

Lakini jioni ile ya kurudi, baada ya kusomwa aya za kwanza, binti zangu walinifuata jikoni. Mkubwa wao akasema, "Mama, sasa yamekwisha. Tunyamaze tu, watu watasahau wenyewe." Wengine wakaitikia. Walinionea huruma, na huruma yao ilikuwa inamwacha mtoto na lile jina barabarani. Niliweka mwiko chini. Nikawaambia: "Hakuna atakayekula nyumba hii kabla hajatoka. Kila mmoja aende katika kila nyumba aliyoipelekea habari ile, abishe, aseme kwamba mtoto hakuvunja kitu, mama yetu alisema uongo. Msiseme nilikosea. Msiseme niliogopa. Semeni nilisema uongo, na msirudi mpaka mmemaliza mtaa."