Alama ya Kutoa Aliyoikosea Mama Brashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, darasa likiwa bado tupu, Mama Brashi anapanda juu ya dawati, anashika kiuno na kungoja maumivu yapungue. Kisha anachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Kengele ya saa mbili ikilia, lazima awe ameshuka.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuandika kanuni za hisabati kwenye kuta za madarasa. Milinganyo, duara, logi, saini na kosaini za pembe, zote zimepita mkononi mwake, ingawa yeye aliishia darasa la saba.

"Nilikuwa nanakili tu," anasema. "Mwalimu ananipa karatasi, mimi napaka. Ungeniuliza maana yake ningekuomba unishikie kopo."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Mwaka juzi, kwenye ukuta huu huu, aliandika kanuni ya saini ya pembe mbili zilizojumlishwa. Ina alama ya kujumlisha. Chini yake ikafuata ya kosaini, ambayo ina alama ya kutoa. Mkono uliochoka ukairudia alama ile ya juu. Walimu walipita, hakuna aliyegutuka. Wanafunzi wakanakili, na mmoja wao alikuwa binti yake wa pekee.

Kwenye mtihani wa mwisho swali zima lilimponyoka. Alama nne tu zikamkosesha nafasi ya kusomea uhandisi.

"Afadhali angenigombeza," anasema mama, sauti ikishuka. "Aliniambia tu, 'Mama, niliamini kwa sababu ni mwandiko wako.' Mwalimu mkuu akanifariji kwamba kufanya kosa si kosa. Nikamwambia, kamwambie mwanangu."

Yule binti ndiye aliyemfundisha maana ya kanuni hizo, jikoni, kwa wiki tatu. Sasa haandiki kanuni kabla ya kuipima kwa tarakimu.

"Nachukua sitini na thelathini. Jumla yake tisini, na kosaini ya tisini ni sifuri. Ukitoa, upande wa pili wa kanuni nao unapata sifuri. Ukijumlisha, unapata karibu tisa ya kumi. Uongo mchana kweupe."

Upimaji huo umemrudisha nyuma. Ukuta wa siku tatu sasa unakula tano, na malipo ni yale yale. Usiku kiuno hakimpi usingizi. Amechoka, na hafichi.

Leo anaurudia ukuta ule kwa gharama yake. Saa moja na robo anashuka taratibu, anaketi kwenye dawati. Kanuni ya kosaini imekamilika, isipokuwa katikati pana nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili.

"Hiyo alama ataiweka mwanangu, yuko njiani," anasema, akifuta brashi. "Mwezi ujao anarudia mtihani. Safari hii nataka akumbuke mkono wake, si wangu."