Mstari Niliouruka

Kwa karibu mwaka mzima, kila nilipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" katika Sala ya Bwana, nilifunga mdomo. Wengine wakiendelea, mimi nilingoja, kisha nikawadaka kwenye mkate wa kila siku, ambao sikuwa na ugomvi nao. Mama aliponiuliza, nilikana. Nimeendelea kukana hata baada ya kifo chake, mbele ya watu waliokuwa wakinisifu kwa imani yangu.

Nilikuwa na shahada ya falsafa, na bado niliamini kwamba Mungu hangeweza kumchukua mama yangu bila sahihi yangu.

Mama alichambua kahawa kwenye maghala ya Shimanzi tangu kabla sijazaliwa. Uvimbe wa tumboni ulikatwa mara moja, ukarudi. Daktari wetu hapa Mombasa alisema wazi: upasuaji wa pili ungefanyika Nairobi, nao ungemwongezea wiki chache, kama angeivumilia safari. Mama akajibu, "Mie imenitosha, daktari." Mimi nikasikia, "Nitafutieni kitanda." Niliandika barua, nikamsumbua kila niliyesoma naye, hadi kitanda kikapatikana katika hospitali moja ya Nairobi. Nilitakiwa kuthibitisha kwa simu Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.

Nilimnunulia sweta hapa mjini, Makadara, kwa ajili ya baridi ya Nairobi. Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta ameketi kitandani amelivaa, na joto la Machi limejaa chumbani.

"Umefurahi?" akauliza.

"Mama, livue. Utayeyuka."

"Si ndilo la kufia Nairobi? Nalizoea."

Sikucheka. Nilikaa sakafuni nikaanza kupanga leso zake za kujifunga kwenye begi, naye, kwa mkono uliobaki mifupa, akawa anazitoa moja moja na kuziweka kitandani. Tuliendelea hivyo kwa muda, kama vibarua wawili walioajiriwa na matajiri tofauti.

"Mwaka mzima umeniombea nini?" akasema.

"Mapenzi ya Mungu."

"Wewe? Kila Jumapili nasimama ubavuni mwako. Ukifika hapo wazima kama redio iliyokwisha betri."

"Ni kohozi, Mama."

"Kohozi linalojua sala."

Nikamwambia ukweli, nikiwa nimeinamia begi: siwezi kumwomba Mungu afanye jambo nisilolitaka. Alivuta pumzi kwanza. Siku hizo kila sentensi ilimgharimu.

"Nami sitaki kufa," akasema. "Naogopa. Mstari huo huusema hivyo hivyo, huku naogopa. Ulidhani wenzio kanisani husema kwa kuwa wamependa?"

Ndivyo nilivyodhani, hasa. Nilidhani wamepewa kitu ambacho mimi nilinyimwa.

Mwenye nyumba akapiga hodi. Alikuwa bibi wa Kiislamu aliyekaa chini yetu, na simu ya nyumba nzima ilikuwa kwake, imetiwa kufuli dogo ili wapangaji tusiichezee. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Alilitazama sweta, akalitazama begi tupu.

"Saa sita yakaribia," akaniambia. "Nikufungulie simu? Lakini mgonjwa mwenyewe mumemuuliza?"

"Ameniambia, bibi."

"Basi wangoja nini, mwanangu?"

Mama alikuwa ameanza kulivua sweta. Lilimkwama kichwani, nikamsaidia, na uso wake ulipotokea ulikuwa na jasho, na mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Akanisukuma kidogo begani. Nenda.

Kwenye ngazi niliusema ule mstari, wote, kwa sauti. Sikupata ile amani ambayo watu huishuhudia. Nilishuka nikishika ukuta, na bibi wa watu ikabidi anishike kiwiko hadi chini.

Alifungua kufuli, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Nilikosea namba mara ya kwanza. Mara ya pili akapokea muuguzi mchangamfu wa hospitali ya Nairobi, aliyedhani nathibitisha, akaanza kunieleza mlango wa kuingilia.

"Kitanda hicho mpeni mwingine," nikasema.

"Una hakika, mama? Kikienda hakirudi."

"Nina hakika."

Akaniuliza jina la mgonjwa, alitafute kwenye orodha. Nililitaja polepole, mara mbili, kama mtu anayemtambulisha mgeni, kisha nikasikia kalamu ikilikata.