Jino la Mbwa wa Lundo

Juzi tulicheka pale ofisi ya mifugo Mbinga. Mzee mmoja wa Lundo, shavu limevimba na kufungwa kitambaa, alileta mbwa wake atibiwe meno.

"Tangu dawa ya meno ijae madukani, hata mbwa wanaitaka," akasema mmoja wetu kwenye foleni.

Bwana mifugo alimchoma mbwa sindano ya ganzi, akamkwangua ukoga, akang'oa gego lililooza. Mzee alimshika mbwa kichwa, akimpapasa sikio.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Na jino lako je? Hospitali si hapo tu?"

"Marahaba. Nitakwenda. Mimi likiuma nalalamika, nyumba nzima inajua. Huyu aliacha chakula, akawa ananiangalia tu."

Mimi niliyecheka kuliko wote nikafumba mdomo, na meno yangu yote mazima.