Msomaji wa Simu ya Omer

Mbuyu alijifunza kusoma kwa masista pale Musonoi, mtaa wa migodini kando ya mji wa Kolwezi, lakini kazi ya kusomea watu alifundishwa na Mama Tshiela. Mama huyu alikuwa jirani yao, mke wa karani, mtu wa Kasai, na avenyu nzima ilimletea barua zake. Watu walikaa kwenye kibao mlangoni kwake, wakatoa bahasha, naye akasoma. Mbuyu alijibanza ubavuni mwake, akifuata maneno kwa macho.

"Sikia, mutoto," Mama Tshiela alikuwa akimwambia. "Kama unasomea mutu, unasoma yote. Hauongeze, haupunguze. Kinywa yako iko ya mwenye barua."

Mwaka wa tisini na tatu watu wa Kasai walifukuzwa kwetu, warudi mkoa wao. Majirani waliokula nao bukari sahani moja walifunga milango, na wengine, Mungu anawaona, walisaidia kutupa vyombo nje. Familia ya Mama Tshiela ililala kwenye gare majuma matatu ikingoja treni. Mbuyu aliwapelekea chakula mara mbili. Mara ya tatu hakuwakuta. Miezi hiyohiyo kampuni kubwa ya migodi ilikuwa inaanguka, mishahara ikakatika, na wanaume wakatawanyika kutafuta riziki. Barua zikazidi kuja, na msomaji hayupo. Basi zikaanza kuletwa kwa Mbuyu, msichana wa miaka kumi.

Baba yake, Tata Kabemba, alikwenda porini Mutshatsha kuchoma makaa. Yeye hakujua kuandika hata jina lake, lakini barua zake zilifika na mwandiko mzuri wa mviringo, nukta za herufi zimechorwa kama shanga. Barua ya kwanza Mbuyu aliisoma vizuri, na ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa: "Mi ninayeandika nakusalimia, dada. Bwana yako anakula muzuri."

Mbuyu aliusoma mstari ule, kwa sababu alifundishwa kusoma yote. Mama yake alimwomba aurudie. Akaurudia. Mama akainuka kwenda kusonga bukari, na barua ya nne haikuja kamwe, wala baba hakurudi.

Ndiyo maana msimcheke sana Mbuyu kwa haya ninayosimulia. Wengine wivu huwaingia ukubwani, wakiwa na ndoa tayari. Yeye alikua nao, akasuka nao nywele, akaenda nao hadi kanisani siku ya harusi.

Mume aliyempata ni Omer Ngeleka, mchimbaji wa mikono, mmoja wa wale tunaowaita krezeri. Mtu mpole, mabega mapana, kicheko cha haraka. Shule hakuiona hata kwa dirisha. Simu alikuwa nayo, na kila ilipolia kwa ujumbe alimpa mkewe: "Nisomee." Miaka kumi na mitatu ilikuwa hivyo, na Mbuyu aliupenda mkono ule unaonyooshwa na simu kuliko zawadi yoyote. Mwanamume asiyesoma, alijiambia, hana pa kuficha kitu.

Kisha Omer akanunua buti na taa ya kichwa katika duka moja la mjini. Muuzaji alimwuliza kama anakubali kupewa habari za duka kwa simu. Akakubali, akasahau. Juma lililofuata simu ililia, naye akainyoosha.

Mbuyu akasoma kwa sauti: "Omer, njo mi Falonne. Siku mingi hatukuone. Pita siku ya posho, niko nakuwekea kintu."

"Falonne njo nani?" aliuliza Omer.

"Njo mi nakuuliza weye!"

Siku ya posho ni Jumamosi, na Jumamosi ile Mbuyu hakumwacha mumewe atoke hata kwenda kunyoa. Omer aliapa kwa jina la mama yake kwamba hamjui Falonne yeyote. Labda ni watu wa duka, alisema, wanapenda kuandika hivyo. Mbuyu alimsikiliza na moyo wake ukachemka zaidi. Duka gani linasema "siku mingi hatukuone"? Duka lina macho? Ujumbe ukaja tena, na tena, kila juma, kila mara Omer akiitwa kwa jina lake. Mwenye akili tulivu angejiuliza mwanamke gani huyo anayemwandikia hawara asiyejua kusoma. Mbuyu alilifikiria hilo pia, na jibu lilikuwa tayari: Falonne anajua kwamba mke ndiye anayesoma, kwa hiyo anamwandikia mke, kumchokoza. Wivu haukosi wakili.

Akaanza kufanya lile ambalo Mama Tshiela alimkataza. Ujumbe wa Falonne ulipoingia alisema, "Ni ya reseau, ya bure tu," kana kwamba kampuni ya simu ndiyo iliyoandika, akaufuta. Kisha siku moja, Omer akiwa anaoga nyuma ya nyumba, aliona chini ya ujumbe maneno madogo ambayo hakuwahi kuyajali: asiyetaka kuandikiwa tena ajibu STOP. Akajibu STOP. Kabla maji hayajaisha kwenye ndoo ya Omer, jibu likarudi: "Tumesikia. Hatutakuandikia tena mpaka weye mwenyewe utake."

Mbuyu alicheka peke yake jikoni. Amemfukuza mwanamke bila kumshika nywele! Akalifuta na jibu lile. Siku hiyo aliimba akichambua majani ya sombe, na Omer, aliyeketi jioni mbele ya sahani iliyojaa, hakujua ni baraka ya nini.

Mwaka huo ulikuwa mbaya Kolwezi. Bei ya madini ya cobalt ilianguka, shimo moja likaanguka na watu ndani, na baada ya mazishi ikatoka amri kwamba wachimbaji wote waondoke katika maeneo ya makampuni. Wanajeshi walipita wakibomoa vibanda vya turubai. Koperative ya wachimbaji ikatangaza kwamba wenye kadi watapewa nafasi katika eneo jipya nyuma ya Musonoi, mwendo wa mguu. Kila mmoja atatumiwa kwa simu namba yake ya kuingilia, na mwisho wa kuionyesha ni Alhamisi. Omer alikuwa na kadi. Akakaa nyumbani kungoja, simu mkononi kama yai.

Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. "Haiyafika?" aliuliza, akiinyoosha simu hata ilipokuwa haijalia. Mbuyu aliangalia. "Haiyafika."

Jumatano asubuhi alikuja Banza, aliyechimba na Omer shimo moja, mwanamume wa meno matatu mbele na makwapa ya kunuka mbali. Yake ilikuwa imefika. Alimpa Mbuyu simu amsomee mbele ya watu, maana furaha bila mashahidi haishibishi.

Mbuyu akaanza: "Banza, njo mi Falonne..."

Na jambo la kwanza lililompata, nawaambia kweli, halikuwa hofu bali hasira: hata Banza? Mwanamke aliyemnyima usingizi miezi mitatu anaandikia hata Banza? Hofu ilifuata nyuma, taratibu, alipokuwa anamalizia zile tarakimu za namba ya Banza. Falonne wa buti na Falonne wa koperative ni mmoja, naye Omer, kwa ile STOP, amekwisha kumwambia asimwandikie tena.

"Weye Omer utapata leo," alisema Banza.

"Nitapata," alisema Omer, akimtazama mkewe.

Mbuyu alitia kitambaa kichwani akapanda pikipiki mpaka mjini. Kule kwenye duka la buti walimwonyesha ofisi ndogo ya Tata Henri, mzee aliyelipwa na maduka na vyama kuwatumia watu ujumbe, wote kwa namba moja. Na mezani, mbele ya kompyuta, alikaa Falonne. Mbuyu alikuwa ameomba njiani awe mzee, au awe mbaya. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, shingo ndefu, ngozi laini, rasta zimeshuka hadi kiunoni.

"Niko bibi ya Omer," alisema Mbuyu, akavuta pumzi kungoja mtu ashtuke.

"Omer gani, mama?" aliuliza Falonne. "Kuko ba-Omer mingi."

Hata hilo lilimchoma. Miezi mitatu ya vita, na adui hajui jina la ukoo! Falonne alitafuta, akaipata. Omer Ngeleka, aliandika STOP mwezi uliopita. Namba yake ya kuingilia ilikuwa pale pale, imezuiliwa.

"Basi itume, mwana wangu. Ni mi niliandika, haiko yeye."

Falonne akamtazama Tata Henri. Mzee alifungua daftari lenye jalada jekundu, akaweka kidole juu ya mstari. "Mama, mutu akisema basi, ni basi. Humu ndani kuko batu bananikimbia juu ya deni, kuko bajane banachoka kuitwa jina ya marehemu. Nikiandikia moja bila yeye kutaka, daftari yote ni bongo, haiko na kweli tena. Mwenye simu akuje mwenyewe."

"Ni bwana yangu!"

"Njo vizuri. Mulete."

Kumleta ilikuwa kumwambia. Mbuyu alirudi Musonoi, akakaa mbele ya Omer, akamwuliza tu kama ana njaa. Jumatano ikaisha hivyo. Alhamisi nzima alipika, alifagia, alifua nguo zilizokuwa safi. Jua lilipokuwa linashuka, Banza alipita akitokea kuonyesha namba yake, na Omer akageuza uso ukutani ili asimwone. Hapo Mbuyu akasema yote, kuanzia siku ya ndoo ya maji.

Omer hakupiga, hakutukana. Akasema, "Mi nilikupatiaka macho yangu, Mbuyu."

Ijumaa asubuhi walikwenda. Mbuyu, aliyemfungia mumewe ndani asionane na Falonne, alimshika mkono akamwingiza mwenyewe na kumkalisha mbele yake. Falonne alieleza kwa huruma: nafasi za nyuma ya Musonoi ambazo namba zake hazikuonyeshwa zilirudishwa jana kwa koperative, zikapewa wengine. Zilizobaki ni za eneo la mbali, barabara ya Mutshatsha, ileile aliyoondokea Tata Kabemba. Watu wanalala kule, wanarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

"Nitaenda," alisema Omer.

Basi ilibaki daftari. Sheria ya Tata Henri ilitaka mwenye simu aandike kwa mkono wake kwamba amekubali tena. Asiyejua kuandika, amchague wa kumwandikia, kisha aweke dole gumba. Omer alimwonyesha mkewe kwa kidevu. Mbuyu akachukua kalamu na kuandika, Tata Henri akitamka: "Mi, Omer Ngeleka, naomba mi mwenyewe Falonne aniandikie tena." Herufi zake zilikuwa nzuri kama zamani. Omer akaweka dole gumba.

Simu ikalia palepale, naye kwa mazoea akainyoosha. Mbuyu alisoma yote, hakuongeza, hakupunguza: njo mi Falonne, karibu tena, namba yako, barabara ya Mutshatsha, Jumatatu.

Walipotoka nje alimshika mkono wa shati. "Na kule, nani atakusomea?"

Omer alifikiri bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta jibu la kweli. "Banza alisemaka kule kuko mama moja anapikiaka bakrezeri. Eko mupole. Anasomaka, na anaandikaka."

Mbuyu akauliza jina la huyo mama.