Upande Ilipo Lusaka

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa mtaani kwetu, Kikuyu, nikaenda kukaa garini nisikilize taarifa ya habari. Gizani nikabonyeza kitufe kingine, redio ikahamia masafa ya kati. Hakukuwa na stesheni hata moja, ni mvumo tu, kama mtama unaopepetwa nyumba ya tatu. Taarifa ya habari ikanipita. Kama wewe nawe ulilelewa na redio ya betri, utaelewa kwa nini sikushuka garini mpaka taa ziliporudi.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, kule Ihumwa, kijiji cha Wagogo ng'ambo ya reli. Redio yetu ilitumia betri nne, ambazo mchana zilianikwa juani pamoja na mlenda ili zipate nguvu kidogo. Mjomba ndiye aliyeileta, miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Mchana ilishika stesheni moja tu. Ila usiku, tulipokaa uani kumenya karanga za mbegu, dunia nzima ilikuja kutusalimia.

Ngoja nikueleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Mawimbi ya masafa ya kati yakipanda angani mchana, humezwa na tabaka linalotengenezwa na jua. Jua likizama, tabaka lile hufifia, na mawimbi hupanda zaidi, yakagonga juu na kudundia chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Fikiria mpira na ukuta wa udongo. Mchana ukuta ni tope bichi; usiku umekauka.

Basi nilizungusha kitufe cha kutafutia stesheni taratibu, upana wa unywele tu. Waarabu waliongea, magitaa ya Kongo yakaja na kupotea kama mtu anayehema. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi aliyekuja kila usiku na kigoda chake, alikuwa na tafsiri ya kila lugha. Mtangazaji akiongea kwa haraka, alisema huyo mkewe amemfungia nje. Bibi alipenda tuongee hivyo, kwa sababu aliyenyamaza alijulikana kuwa anatafuna mbegu.

Mjomba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa utingo wa lori la mizigo lililokuwa likienda Zambia, na mwaka uliotangulia aliondoka akisema angerudi kabla ya mvua. Mvua zilinyesha, zikakatika, tukavuna, na hakuna barua wala salamu. Bibi hakulalamika. Alikuwa tu hamalizi ugali wake.

Usiku mmoja nikanasa sauti iliyotaja Lusaka. Bibi aliacha kumenya.

"Mke mwenzangu," aliniuliza, "huko ni upande gani?"

Sikujua. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba ukiigeuza redio, sauti hupanda au hushuka. Nikaigeuza polepole pale mkekani mpaka Lusaka ikasikika kama mtu aliyesimama mlangoni. Uso wa redio ulikuwa unatazama kaskazini mashariki. Nikasema, kwa uhakika wa mtoto wa darasa la sita, kwamba mtu humtazama anayeongea naye, na redio ni vivyo hivyo. Ni kule.

Tangu usiku ule bibi alikigeuza kigoda chake kikaelekea kule. Tulipozima redio kutunza betri, alibaki akimsemesha mjomba kwa Kigogo, sauti ya chini. Alianza na salamu, "mbukwa", kama anampokea safarini, kisha akamwambia mbuzi yupi amezaa, nani ameugua, nani amezikwa. Jirani ndiye aliyeona kwanza kwamba ugali sasa unaisha. Nami nilitembea kifua mbele.

Kisha mwalimu wetu wa sayansi akatundika ramani ukutani. Nikaitafuta Lusaka upande wangu, sikuiona. Ilikuwa nyuma kabisa, kusini magharibi. Nilimsimulia mwalimu kisa chote, naye hakunicheka. Alisema ndani ya redio ndogo mna kifimbo cheusi kinachonasa mawimbi, na kifimbo hicho hakijui mbele wala nyuma.

"Mstari umeupata," aliniambia. "Ulichokosea ni ncha."

Nilirudi nyumbani. Kunyamaza nilitamani, maana ugali ulikuwa unaisha. Lakini niliona ni vibaya zaidi kumwacha mama wa watu akiusemesha upande wa Mombasa kila usiku. Tulipokaa uani nikaigeuza redio ikatazama kinyume, na sauti ikawa ileile, haikupungua hata kidogo. Nikamweleza bibi, nikilia. Jirani alinyamaza, na hakuwa anatafuna.

Bibi alimenya karanga tatu, nne.

"Kwa hiyo muda wote huo alikuwa mgongoni kwangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mgongo huo anaujua. Alikaa hapo mpaka akajua kutembea."

Hakukigeuza kigoda. Aliinama mbele kidogo, kama mwanamke aliyebeba mtoto, akamwamkia kama kawaida na kuanza habari za siku hiyo.

Mjomba alirudi mvua zilizofuata zilipokwisha, amekonda, na maelezo marefu ya lori lililokufa njiani na tajiri aliyewatelekeza. Baadaye mjini zikaja stesheni za FM, sauti safi isiyofika mbali, na zile za mbali zikazimwa moja moja bila sisi kuaga. Sasa binti yangu anasoma Mwanza. Simu hunionyesha kwenye ramani mtaa aliomo, hata nyumba. Nikiona ametulia mahali pake naridhika, naiweka simu chini, na siku inapita sijamwambia neno.